Msimlaumu Aliyesahau Kutoka

Kuna hukumu ambayo mafundi wa mifumo nchini wameizoea kiasi kwamba hawaioni tena kuwa ni hukumu. Akaunti ya mwanafunzi ikikutwa wazi kwenye kompyuta ya steshenari, salio la mwanachama wa Saccos likisomwa na mtu asiyehusika, maombi ya kazi yakibadilishwa na aliyeketi baada ya mwombaji, jibu huwa tayari mdomoni: mtumiaji hakutoka. Alimaliza shughuli yake, akainuka, akaacha akaunti wazi, basi hilo ni lake. Kisha inafuata dawa ya siku zote, elimu kwa watumiaji: bango ukutani, semina, sentensi nyekundu chini ya ukurasa inayomkumbusha mtu kubonyeza "Toka".

Naipinga lawama hiyo, na dawa yake naipinga pia. Akaunti haibaki wazi kwa sababu mtu amesahau. Inabaki wazi kwa sababu aliyejenga mfumo alikipa kidakuzi cha kuingia maisha marefu, au hakuwahi kujiuliza kitaishi muda gani, akaiacha seva iamini kwamba kila anayekileta kidakuzi hicho ni yule yule wa mwanzo. Huo ni uamuzi wa kiufundi. Una mwenyewe, na mwenyewe si kijana aliyeshuka mlimani na vyeti vyake ndani ya bahasha.

Anayetaka kuliona jambo hili aje Same, mji ulio chini ya milima ya Upare, miezi ya katikati ya mwaka, wahitimu wa kidato cha sita wanapoomba vyuo na mikopo ya elimu ya juu. Steshenari za karibu na stendi hujaa tangu asubuhi. Chumba kina kompyuta mbili za mezani, printa moja inayotoa kopi na kuskani, na mhudumu mmoja anayefanya yote hayo huku akijibu simu. Kijana wa Mbaga ameshuka kupitia Mwembe na gari la alfajiri, na gari la kurudi halitamsubiri. Anaingia kwenye akaunti yake, au mhudumu anamwingizia kwa sababu yeye anachapa haraka zaidi. Wanajaza, wanaprinti fomu, kijana anatoka mbio kwenda kutafuta muhuri wa wakili. Kiti hakipoi. Anaketi binti wa Kisiwani, anafungua anwani ile ile kwa kivinjari kile kile, na juu ya ukurasa anakuta jina la mtu mwingine.

Nyuma ya jina hilo kuna namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa, majina ya wazazi na kazi zao, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), akaunti ya benki. Kwa aliyefiwa kuna hata cheti cha kifo cha mzazi. Binti wa Kisiwani hana nia mbaya yoyote. Ana haraka kama mwenzake, na hatari kubwa kwao wote wawili ni kwamba ataendelea kujaza akidhani fomu ni yake. Nimewahi kuishika mkononi fomu ya namna hiyo: jina la mmoja, shule ya mwingine, namba ya simu ya mhudumu. Mfumo ulioitoa siutaji, kwa sababu ugonjwa huu si wa mfumo mmoja. Hakuna aliyeiba kitu, na bado watu wawili walikuwa wameharibikiwa na maombi waliyoyategemea kwa mwaka mzima ujao.

Ili kumjua anayestahili lawama, lazima kwanza tujue kidakuzi, ambacho mafundi wengi hukiita kuki, kinafanya kazi gani. Wavuti kwa asili yake haina kumbukumbu. Kila ombi linalotoka kwenye kivinjari hufika kwenye seva kama la mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni njia ya kuipa kumbukumbu: seva inapojibu inatuma mstari mmoja uitwao Set-Cookie, wenye jina na thamani, kivinjari kinauhifadhi, kisha kinairudisha thamani hiyo kwa seva katika kila ombi linalofuata. Kwenye mifumo ambayo seva huunda ukurasa mzima na kuutuma ukiwa umekamilika, na mifumo mingi ya shule na Saccos ninayokutana nayo ni ya aina hiyo, kuingia kote kunasimama juu ya mstari huo mmoja. Ukishatoa nenosiri sahihi, seva inakukabidhi namba ndefu isiyoweza kukisiwa, na tangu hapo haikuulizi tena wewe ni nani. Inaitambua namba tu. Kivinjari nacho hakijui sura ya mtu, kinajua tovuti. Yeyote atakayeketi hapo ataipeleka namba hiyo bila hata kujua kwamba anaipeleka.

Mstari ule ule ndio unaobeba masharti ya kidakuzi. Max-Age inasema kiishi sekunde ngapi. Secure inakizuia kisisafiri kwenye njia isiyosimbwa. HttpOnly, iliyoingizwa na Microsoft mwaka 2002, inakificha kisisomwe na msimbo wa JavaScript uliopenyezwa kwenye ukurasa. SameSite inakizuia kisitumwe ovyo tovuti nyingine inapochokoza ombi. Yote haya huandikwa na seva, na seva huandika ilichoagizwa na mjenzi wake. Mtumiaji haandiki hata sharti moja. Haonyeshwi, haulizwi, na kwenye ukurasa hana mahali pa kuyasoma. Baada ya hapo ndipo anaambiwa alisahau.

Nendeni mkaangalie zana ambazo vijana wetu wanajengea. Django huja na SESSION_COOKIE_AGE ya sekunde 1,209,600, yaani wiki mbili, na kufunga kivinjari hakuukatishi muda huo mpaka mjenzi abadilishe mpangilio mwingine kwa mkono wake. Laravel huja na dakika 120 tangu ombi la mwisho. Hizo ni afadhali, lakini kisanduku cha "Nikumbuke" kwenye ukurasa wa kuingia kinazifuta zote na kuweka kidakuzi cha pili chenye maisha marefu mno. Chrome yenyewe, tangu mwaka 2022, imelazimika kuweka ukomo wa siku 400 kwa kidakuzi chochote, maana kulikuwa na tovuti zilizokuwa zikiandika miaka kwa miaka. Waliochagua vipimo hivyo vya wiki mbili walikuwa na mtu fulani akilini: mwenye kompyuta yake ya mkononi, mezani kwake, nyumbani kwake. Kwa mtu huyo wiki mbili ni urahisi. Kwa meza ya steshenari ya Same, wiki mbili ni muda ambao kila anayepita hapo anaweza kurithi akaunti ya aliyemtangulia. Fundi aliyesakinisha zana na kuacha vipimo vilivyokuja nayo ameshaamua, hata kama hakuandika chochote.

PHP inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu ndiyo iliyojenga tovuti ndogo nyingi ninazoitwa kuzitengeneza, na ndiyo yenye faraja ya uongo kuliko zote. Kwenye faili la mipangilio kuna session.gc_maxlifetime yenye thamani 1440, sekunde ambazo ni dakika 24. Mafundi wengi huiona namba hiyo wakalala usingizi. Namba hiyo haisemi kwamba mtu atatolewa baada ya dakika 24. Inasema kwamba kumbukumbu ya kuingia kwake, ikikaa bila kuguswa muda huo, inaruhusiwa kufagiliwa. Ufagiaji wenyewe, kwa mipangilio iliyokuja na PHP, hufanyika kwa bahati nasibu, kwa wastani mara moja katika kila mara 100 ambapo kikao, yaani kumbukumbu hiyo ya kuingia, kinaanzishwa. Tovuti ya shule yenye wageni wachache kwa siku inaweza kukaa siku kadhaa bila ufagio kupita. Wakati huo kidakuzi kilichoko kwenye kivinjari, kwa kuwa hakikuandikiwa umri, kinaishi mpaka kivinjari kifungwe. Na kivinjari cha steshenari kinafungwa lini? Kinashushwa chini, dirisha jingine linafunguliwa, kazi inaendelea. Hata kikifungwa, au umeme ukikatika, kivinjari kilichowekwa kuendelea pale kilipoishia hukirudisha kidakuzi hicho kikiwa hai pamoja na kurasa zake.

Tiba yake ni mistari michache. Mjenzi aandike ndani ya kikao saa ya ombi la mwisho, ailinganishe kila ombi jipya linapoingia, na muda ukipita akiharibu kikao hicho kwenye seva, pale pale, bila kungoja ufagio. OWASP, jumuiya ya kimataifa ya usalama wa mifumo ya wavuti, inataja dakika 2 hadi 5 za ukimya kwa mifumo yenye mambo mazito na 15 hadi 30 kwa mifumo yenye mambo mepesi. Sijaona sababu ya mfumo wenye vyeti vya vifo vya wazazi wa watu kuhesabiwa kuwa mwepesi.

Hapo ndipo watetezi wa hukumu ile hunijia na hoja yao nzito kuliko zote, na siwezi kuipita juu juu kwa sababu nusu yake ni kweli. Wanasema: ukikata muda unamwadhibu mtu wa Chome au Vudee ambaye mtandao wake unakuja na kuondoka. Anajaza fomu ndefu kwenye simu, anapiga simu kumuuliza baba namba ya NIDA, mnara unapotea, anarudi anakuta ametolewa na alichoandika chote hakipo. Wewe uko mjini, wanasema, unatetea usalama kwa gharama ya watu wa milimani.

Watu hao wapo na adha hiyo wanaipata. Lakini aliyewapa adha hiyo ni mjenzi aliyefunga pamoja vitu viwili visivyohusiana: kujua mtu ni nani, na kutunza kazi aliyoifanya. Kazi ikiwekwa ndani ya kikao, kikao kikifa nayo inakufa, na hapo mjenzi analazimika kukirefusha kikao ili kuiokoa kazi. Itenge fomu katika kurasa fupi fupi, kila ukurasa ukitumwa seva iuandike kwenye hifadhidata chini ya mwombaji mwenyewe, kama rasimu. Kikao kikifa kinamgharimu nenosiri tu. Akishaingia tena arudishwe ukurasa ule ule alioachia, na ya nyuma yote yawe yamekaa. Mtindo wa kurasa zinazoundwa na seva unafaa sana kwa jambo hili, kwa kuwa kila hatua tayari ni safari ya kwenda kwenye seva na kurudi. Ukurasa wenyewe ukiwa mwepesi, unapita hata kwenye mtandao wa kusuasua. Mtu wa Chome hahitaji kidakuzi cha wiki mbili. Anahitaji rasimu isiyopotea.

Tena hakuna kinacholazimisha kipimo kiwe kimoja kwa wote. Ukurasa wa kuingia unaweza kuuliza swali moja, kama kifaa hiki ni cha mtu mwenyewe au ni cha wengi. Aliye kwenye simu yake aseme ni yake, apewe muda mrefu. Asiyejibu ahesabiwe yuko kwenye kifaa cha wengi, apewe dakika chache na kidakuzi kisichoandikiwa umri, kinachokufa kivinjari kikifungwa. Mifumo mingi imepindua jambo hili: asiyejibu anadhaniwa ana kompyuta yake, na "Nikumbuke" inakuja imeshatiwa tiki.

Wanaodai kwamba kukumbuka kutoka ni wajibu wa mtumiaji wapande mpaka Bangalala wakatazame ndiva. Maji ya kijito hukusanywa bwawani usiku, asubuhi yanafunguliwa, wenye mashamba wanayapokea kwa zamu. Wapare hawakuuacha mpango huo utegemee kumbukumbu ya mtu mmoja mmoja shambani mwake, eti aliyemaliza ajikumbushe kuyaachia maji yaende kwa jirani. Kuna wasimamizi waliowekwa na watumiaji wenyewe, na zamu ina mwisho unaojulikana. Nani alisahau nini shambani si jambo linaloamua maji yaende wapi.

Na tuseme mtu amekumbuka. Amelitii bango, amebonyeza "Toka". Je, ametoka? Jaribio hili kila msomaji anaweza kulifanya leo kwenye mfumo anaoutumia: bonyeza "Toka", kisha bonyeza mshale wa kurudi nyuma. Kwenye mifumo mingi ukurasa uliokuwa wazi unarudi na kila kitu chake, kwa kuwa kivinjari kilitunza nakala na seva haikukiambia kisitunze. Kukiambia ni kutuma Cache-Control: no-store pamoja na kila ukurasa wenye taarifa za mtu. Halafu kuna kosa lisiloonekana kwa macho. Kitufe cha "Toka" mara nyingi hufuta kidakuzi kwenye kivinjari tu, huku seva ikiendelea kuitambua ile namba. Aliyeinakili kabla anaweza kuendelea kuitumia mpaka ichoke yenyewe. Kutoka kwa kweli ni kwa pande zote mbili: seva inaifuta namba kwenye kumbukumbu zake, kisha inakiamuru kivinjari kifute kilicho nacho, na kwa hilo kuna agizo moja liitwalo Clear-Site-Data linalosafisha vidakuzi na hifadhi nyingine kwa pamoja. Kama mtandao ulikatika wakati kidole kiko kwenye kitufe, ombi la kutoka halikufika kabisa, na mtu ameondoka akiamini ametoka. Huyo naye tutamwambia alisahau?

Lipo kundi jingine, la vijana waliohitimu karibuni, ambalo halimlaumu mtumiaji. Linakilaumu kidakuzi. Kimezeeka, wanasema, ni cha enzi za Netscape. Siku hizi mtu anapewa tokeni iliyotiwa saini na JavaScript inaihifadhi kwenye localStorage. Ninawaelewa, maana ndivyo masomo mengi ya video yanavyofundisha. Lakini localStorage haina umri. Ukifunga kivinjari kilichomo kinabaki, ukizima kompyuta kinabaki, mpaka msimbo wa tovuti ile ile au mtu mwenyewe akifute. Hakuna HttpOnly huko, kwa hiyo msimbo wowote uliopenya kwenye ukurasa unakisoma. Na tokeni ambayo seva haikuiweka kwenye kumbukumbu zake haiwezi kuuawa kabla ya muda wake. Itakubalika kila itakapoletwa, maana saini yake ni halali. Kwa mwenye kompyuta yake pengine hayo yanavumilika. Kwa meza ya stendi ya Same ni kurudi nyuma kuliko kidakuzi cha 1994, ambacho angalau kilikuja na njia ya kuandikiwa siku ya kufa.

Wengine wanasema wahudumu wafunguliwe macho, watumie hali fiche (incognito) ya kivinjari. Ushauri huu nao unarudisha mzigo kwa mtu asiyeandika masharti, na juu ya hapo haufanyi kazi kama watu wanavyodhani. Kwenye Chrome madirisha yote ya hali fiche yaliyo wazi yanatumia vidakuzi vile vile, na havifutiki mpaka dirisha la mwisho lifungwe. Mhudumu mwenye wateja wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja na dirisha lake fiche, amewaweka wote wanne kwenye akaunti ya aliyetangulia kuingia.

Na bango la kukubali vidakuzi, ambalo sasa limeenea hata kwenye tovuti zetu? Limetoka Ulaya, kwenye maagizo ya faragha ya mwaka 2002 yaliyorekebishwa 2009, na lengo lake ni vidakuzi vya kufuatilia watu kwa ajili ya matangazo. Kidakuzi cha kuingia hakihitaji ridhaa hiyo hata huko Ulaya, kwa kuwa huduma haiwezi kutolewa bila hicho. Waliolinakili huku wanaamini wametimiza wajibu. Fikirini linavyofanya kazi kwenye kompyuta ya wengi: aliyefika asubuhi anabonyeza "Kubali" ili apite, jibu lake linahifadhiwa ndani ya kidakuzi kingine, na wote wanaofuata hadi jioni hawaulizwi tena. Mtu mmoja amewaridhia wengine bila kujua. Ridhaa ya namna hiyo haina maana kisheria wala kiutu.

Sheria ya kwetu inaliweka jambo mahali pake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawabebesha wajibu wa usalama wa taarifa wale wanaozikusanya na wanaozichakata. Haikumbebesha mwenye taarifa. Shule inayokusanya taarifa za wanafunzi ni mkusanyaji. Saccos vivyo hivyo. Fundi anayewaendeshea mfumo anachakata kwa niaba yao. Sioni ni kwa hoja gani mkusanyaji atasimama mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi aseme kwamba hatua yake ya usalama ilikuwa sentensi nyekundu chini ya ukurasa. Kabla ya sheria hiyo tulikuwa na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizozitaka kafe za intaneti zifunge kamera za ulinzi. Kamera inarekodi nani aliketi kwenye kiti. Haimzuii kuona alichoachiwa na aliyeketi kabla yake.

Wapo watakaosema mambo haya yote ni bure kwa sababu mhudumu wa steshenari ana nywila za wateja wake kwenye daftari. Daftari hilo lipo, na halinipendezi. Lakini aliyeandikiwa nenosiri lake daftarini amemchagua mhudumu, anaijua sura yake, anajua duka lake liko wapi, na mambo yakiharibika ana pa kwenda kuuliza. Kidakuzi kilichobaki kinamfungulia mtu ambaye hakumchagua na hatamwona kamwe. Udhaifu wa daftari una tiba yake, kama vile namba ya siri ya mara moja kwa ujumbe wa simu mtu anapotaka kubadili akaunti ya benki au kutuma maombi ya mwisho. Kuwepo kwa daftari si ruhusa ya kuacha kidakuzi wazi.

Na anayesema "kila mtu ana simu siku hizi, steshenari zinakufa" hajawahi kuprinti fomu, kuigongesha muhuri, kuiskani na kuipandisha kama PDF kwa simu ya kioo kilichopasuka. Hata simu yenyewe, katika nyumba nyingi za milimani, ni ya mama, ya kaka na ya mdogo wao kwa zamu.

Dunia imeshapita kwenye mabishano haya haya, na matokeo yake yanajulikana. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa kiongezo cha Firefox alichokiita Firesheep. Ukikiwasha kwenye Wi-Fi ya wazi, ya hoteli au ya chuo, kilikusanya vidakuzi vya kuingia vya watu waliokuwa wakitumia mtandao huo bila usimbaji, na kwa kubonyeza jina la mtu ukawa ndani ya Facebook yake. Kwa miaka kabla ya hapo ushauri ulikuwa ule ule wa kumwelimisha mtumiaji: usitumie Wi-Fi ya wazi, kuwa makini, usiingie kwenye akaunti ukiwa hadharani. Watu waliendelea kutumia Wi-Fi ya wazi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Tatizo lilipungua pale wenye tovuti walipobanwa wakafanya kazi yao. Facebook iliweka chaguo la HTTPS kwa kikao kizima Januari 2011 na kufikia 2013 ikalifanya la wote. Let's Encrypt ikaanza mwishoni mwa 2015 kutoa vyeti vya usimbaji bure. Vidakuzi vikaandikiwa Secure. Leo abiria anayetumia Wi-Fi ya basi kati ya Same na Dar es Salaam yuko salama zaidi kuliko mwanafunzi wa Marekani wa 2010, na hakuna semina yoyote aliyohudhuria.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa wanaolipa, yaani wakuu wa shule, bodi za Saccos, na wakurugenzi wanaosaini hati za kupokea mifumo, kwa kuwa fundi hutengeneza kile ambacho mteja wake anakikagua. Msiupokee mfumo ofisini, kwenye kompyuta ya fundi mwenyewe, kwa kuoneshwa rangi na nembo. Mchukueni mpaka steshenari ya stendi, siku ya kazi. Aingie kwa akaunti ya majaribio, ajaze nusu ya fomu, ainuke bila kubonyeza chochote. Mpeni mteja mwingine kiti kwa nusu saa, kisha fungueni anwani ile ile muone seva inasema nini. Zimeni kompyuta kwa kuchomoa waya, muiwashe tena, mjaribu tena. Mwambieni atoke, halafu mbonyeze mshale wa kurudi nyuma. Mwisho aingie kwenye steshenari, akiache kikao wazi, mtoke naye nje mpaka kwenye magari ya Gonja, na hapo hapo akiue kikao kile kwa simu yake. Akishindwa lolote kati ya hayo, awamu ya mwisho ya malipo yake ibaki benki mpaka aweze.